Ukope Juu ya Maji

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuvunja vioo, na hakuna siku aliyogombezwa kwa hilo. Alichukua kioo kinene, mraba kama kipande cha sabuni, akakichora mstari kwa kigurudumu cha chuma, akakibana kwenye mashine taratibu kama anayemkamua mtoto jipu, mpaka kikalia tak! kikagawanyika pembe kwa pembe. Ile pembe iliyozaliwa hapo ilikuwa kali kuliko wembe wowote wa dukani. Hicho ndicho kisu chake. Kilidumu asubuhi moja, kikafa, akavunja kingine. Ndiyo maana pale maabara, kuanzia mfagiaji mpaka mkuu wa idara, wote walimwita Fundi Vioo. Jina lake la cheti lilibaki ndani ya faili, limelala na vumbi lake.

Alichokata kwa visu hivyo ni figo za watu. Si figo nzima, la. Daktari wa wodini alimchoma mgonjwa sindano mgongoni, akatoa uzi wa nyama mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Punje ya uzi huo ililetwa kwa Fundi Vioo ikiwa imegandishwa ndani ya plastiki ngumu, kitofali kidogo rangi ya asali. Ndani ya punje hiyo, ukibahatika, mna vichujio viwili vitatu: vishada vya mishipa midogo midogo ambamo damu huchujwa, uchafu ukaenda kwenye mkojo na kilicho cha mwili kikabaki mwilini. Chujio likiharibika, mtu huvimba. Lakini limeharibika vipi, hilo jicho haliambiwi, wala hadubini ya kawaida haiambiwi. Linaonekana kwenye hadubini kubwa tu, ile iliyojaza chumba kizima na kunguruma kama jokofu bovu, nayo haisomi ila kipande chembamba ajabu. Ukipanga vipande mia tano, kimoja juu ya kingine, bado hujaufikia unene wa unywele mmoja.

Vipande hivyo vilitoka kwenye kisu vikashukia majini, ndani ya kijibirika kilichogandishwa nyuma ya makali, vikaelea vimeshikana kama watoto wanaokwenda shule. Unene wao ulijulikana kwa rangi. "Rangi ya fedha ndiyo yenyewe," aliwaambia wanaokuja kujifunza. "Ya dhahabu inavumilika, ina unene kidogo. Zambarau tupa, umekata mkate." Kisha akawaambia lile neno lake, ambalo kila aliyepita mkononi mwake alilijua kwa moyo: "Kilicho majini ndicho chako. Kilicho ndani ya kitofali bado si chako. Kamata kwanza, mapambo baadaye."

Vya kuvisogeza juu ya maji havikuwa vibano wala sindano, maana chuma kingevichana. Walitumia ukope wa mtu, mmoja tu, uliogandishwa kwa rangi ya kucha kwenye kijiti cha kuchokolea meno. Kila fundi alikuwa na wake. Wa Fundi Vioo ulikuwa wa mtoto wa mdogo wake, mvulana wa miaka tisa waliyemwita Babu, kwa kuwa alirithi jina la babu yake mzaa mama. Huyo Babu alijaliwa kope ndefu zilizopinda, hata wanawake kwenye foleni ya bomba wakawa wanamtania, "Wewe, hizi umemnyang'anya dada gani?" Alipokuwa na miaka sita ukope mmoja ulimdondokea shavuni. Mama mkubwa wake, Fundi Vioo mwenyewe, akauokota kwa ncha ya kidole, akaufunga kwenye karatasi.

"Mama mkubwa, unaupeleka wapi?"

"Unakwenda kuajiriwa."

Tangu hapo, kila alipofika nyumbani kwa mdogo wake, mtoto alimlaki mlangoni. "Ukope wangu umefanya nini leo?" Naye akajibu, "Leo umevusha figo ya mzee mmoja ng'ambo ya maji," au, "Leo umelala tu, mvivu kama mwenyewe." Fundi Vioo hakujaliwa kuzaa. Aliyekuwa akimngoja mlangoni duniani ni huyo mmoja.

Mwaka ule Babu alianza kuvimba. Asubuhi macho yalifunga, jioni soksi zilimwachia alama mguuni kama kamba. Mkojo ulitoka na povu, siku nyingine ukawa rangi ya chai. Akaanzishiwa vidonge vidogo vyeupe, kumi kila asubuhi. Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Uvimbe wa miguu haukutoka, na vidonge vikaongeza wa kwao: mashavu yakajaa, shingo ikazama, njaa ikawa haishi, na hasira ambazo hakuzaliwa nazo. Shuleni wakamwita Puto. Mwalimu akaleta malalamiko juu ya hayo, kwamba mtoto amekuwa mkaidi, akiitwa haitiki mpaka aguswe bega.

Daktari wa wodini akasema, "Vidonge havijibu. Ama ugonjwa ni mkaidi, ama ni mwingine kabisa. Tuchukue nyama ya figo tuone. Lakini mpaka jibu litoke, msiviache."

Kwa hiyo kila siku ya kungoja jibu ilikuwa vidonge kumi. Mama yake Babu alikuwa akivihesabu kwenye kiganja huku amefumba mdomo.

Kabla ya sindano walipewa karatasi ya maswali. Dada na mdogo wake walikaa benchi moja, karatasi pajani. Kuna mtu katika ukoo aliyeugua figo? Kuna aliyepoteza usikivu akiwa kijana?

"Dada, kaka je?" mdogo mtu aliuliza.

Kaka yao alikuwa amekufa siku nyingi, kijana wa miaka ishirini na nne. Nyumbani walimwita Eeh, kwa kuwa kila ukimsemesha alijibu "Eeh?" mpaka urudie. Alikufa amevimba.

"Kaka alizibuliwa kofi la sikio na mwalimu," Fundi Vioo akasema. "Na kilichomuua ni moyo. Hilo si la ukoo. Andika hakuna."

Mdogo wake akaandika hakuna. Kisha akamshika mkono. "Lakini dada, ni wewe utakayeikata?"

"Sasa nani mwingine?"

"Basi. Moyo wangu umetulia."

Ukutani maabara, juu ya sinki, palibandikwa sheria ambayo Fundi Vioo mwenyewe aliitia sahihi: fundi hashiki sampuli ya ndugu yake. Sababu yake kila mtu aliijua, kinyozi hajinyoi. Lakini kitofali kilikuja na namba na jina la upande wa baba, na hapo hakuna aliyejua Babu ni wa nani. Kilikuwa kwenye orodha ya kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka uliopita na shahada yake, waliyemwita Digrii.

"Hiki niachie mimi," Fundi Vioo alimwambia.

"Mama, mbona kiko kwenye orodha yangu?"

"Jana umekata kitofali cha watu kama unamenya muwa. Niachie."

Digrii akacheka, akainua mikono. "Haya, mimi nani nibishane na mwenye vioo vyake?"

Akavunja kioo. Akakata kwanza kipande kinene, akakitia rangi ya buluu, akakitazama kwenye hadubini ndogo ili ajue alipo. Mirija, mirija, mirija tu ya kupitisha mkojo. Kisha pembeni kabisa, chujio moja. Moja tu, tena ncha yake, kama ukucha wa mwezi. Akalipunguza tofali lilizunguke chujio lile, akasogeza kisu, akazuia pumzi.

Vipande vinne vikashukia majini. Rangi ya dhahabu. Katikati ya vyote vinne ulipita mchubuko mmoja mwembamba, alama ya jino dogo kwenye makali ya kisu.

Vingekuwa vya mtu mwingine, angevikamata palepale. Miaka yote alivikamata vya namna hiyo na vikasomwa. Lakini hivi vilikuwa vya Babu. Aliviona kama nguo ya sikukuu yenye kiraka. Akajiambia mwanangu hatasomwa na mchubuko, mwanangu atasomwa kwenye rangi ya fedha, safi, hata wageni wakija waonyeshwe. Akachukua kijiti chake, na kwa ukope wa Babu akavisukuma vipande vya figo ya Babu pembeni mwa kijibirika. Akatoa kisu. Akamwaga maji kwenye sinki. Akavunja kioo kipya.

Kila mkata vipande anajua kwamba kisu kipya hakirudi pale cha zamani kilipoachia. Lazima ukipange upya, na kukipanga ni kuparaza tofali, kidogo tu, unene wa unywele. Alijua. Alikuwa akilisema hilo darasani. Siku ile alilijua kama mtu anavyojua kwamba atakufa.

Kisu kipya kikatoa vipande vya rangi ya fedha, mlolongo wa tisa bila doa, vizuri kiasi kwamba alimwita Digrii aje aone. Akavinasa kwenye kiwavu cha shaba, akavitia dawa, akavipeleka mwenyewe chumba cha hadubini kubwa.

Daktari msomaji, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alizungusha kitasa kwa muda mrefu.

"Fundi, hapa kuna mirija tu."

"Zungusha kulia, daktari. Liko pembeni."

"Nimekwenda kulia, nimekwenda kushoto. Mirija. Kazi nzuri, sijaona mirija mizuri hivi. Chujio liko wapi?"

Fundi Vioo akainama, akatazama mwenyewe: mirija.

"Vipande vya kwanza je?"

"Nilimwaga."

"Vilikuwa zambarau?"

"Dhahabu. Vilikuwa na mchubuko."

Daktari akavua miwani ya machoni. "Fundi Vioo umwage dhahabu? Wewe? Miaka kumi na tano unaniletea dhahabu nasoma, na umenifundishia watu wasimwage." Akamtazama. "Huyu mtoto ni nani wako?"

"Mwanangu," alisema. Kisha akasahihisha, ingawa kwake halikuwa kosa, "Wa mdogo wangu."

Kwenye korido ya maabara ile kulikuwa na picha kubwa nne zilizowekwa fremu, vichujio vilivyopakwa rangi za kijani na waridi, wageni walipenda kupigia picha hapo. Vipande vyote vinne alivikata yeye. Chini ya kila picha palikuwa na majina ya madaktari, na la mgeni mmoja aliyekaa wiki mbili. Lake halikuwapo, wala hakuwahi kuuliza. Wiki ile ikaandikwa taarifa ya kosa, kurasa mbili, na hapo jina lake likaandikwa lote, lake, la baba na la babu, kwa wino mweusi na herufi kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza. Akaambiwa asiguse kisu miezi miwili. Atavunja vioo na kuosha chupa.

Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni njia ya kwenda kwa mdogo wake.

Alimkuta anapepeta mchele mlangoni. Hakumzungusha. Alimwambia yote, rangi, mchubuko, maji, sinki.

Mdogo mtu aliendelea kupepeta. "Sijaelewa. Ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaimwaga."

"Nilitaka iliyo nzuri zaidi."

"Nzuri kwa nani, dada? Mimi nilikuomba picha ya harusi?" Akaweka ungo chini. "Nilikuomba jibu. Hata jibu baya, hata lenye kiraka. Sasa achomwe tena?"

"Achomwe tena."

"Na vidonge?"

"Mpaka jibu litoke."

Mdogo wake akatikisa kichwa polepole. "Kumbe digrii ya yule kijana unayemcheka ingenifaa kuliko mapenzi yako."



Sindano ya pili ilipatikana baada ya wiki tano, maana kidonda cha kwanza kilitakiwa kipone. Babu, ambaye mara ya kwanza alikwenda anatembea, safari hii alibebwa anapiga mateke. Walimlaza kifudifudi, mto mgumu tumboni, na mama yake akamshika kichwa. Fundi Vioo alisimama nje ya pazia. Alisikia daktari akisema, "Vuta pumzi, uizuie." Mtoto hakuizuia. "Vuta pumzi, uizuie!" Mpaka mama yake alipoinama na kumwambia sikioni. Fundi Vioo alisikia hayo yote, na bado hakusikia.

Plastiki ilichukua siku zake kukauka. Kitofali kipya kilipokuwa tayari, Digrii alikuja sinkini alikokuwa anaosha chupa.

"Mama, niazime ukope wako. Wangu umekatika."

Akamtolea kile kijiti. Kijana akakaa kwenye kiti chake, mbele ya mashine yake, na yeye akasimama mlangoni, kitambaa mkononi. Hakuruhusiwa kupita hapo.

"Vimetoka," Digrii akasema bila kugeuka. "Vitano. Dhahabu. Kuna mchubuko pembeni."

"Kamata."

"Nisijaribu kisu kingine?"

"Kamata, mwanangu. Kamata, nakuomba."

Mchana wa siku iliyofuata, daktari msomaji alimwita. Hakutakiwa kuwamo, lakini alimwita. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na utando wa chujio, ule unaozuia damu isivuje, umekuzwa mpaka ukawa mpana kama barabara. Fundi Vioo alikuwa ameona picha za kutosha kujua unavyotakiwa kuwa: mstari mmoja, laini, kama upindo wa shuka. Huu ulikuwa umepasuka tabaka tabaka, hapa mwembamba, pale mnene, nyuzi zimeachana, mkeka mkuukuu uliofumuka. Ule mchubuko wa kisu ulipita pembeni. Haukuzuia chochote kuonekana.

"Huu mtu anazaliwa nao," daktari akasema. "Unakula figo, unakula na masikio. Karatasi yao inasema katika ukoo hakuna. Kuna mtu kwenu asiyesikia?"

Hapo ndipo kaka yake alipomjia, na kiti chake cha mbele darasani, na mkono nyuma ya sikio, na ile "Eeh?" waliyoigiza wakacheka mpaka wakashika matumbo. Miaka thelathini walikuwa wakimlaani mwalimu. Mwalimu yule alipokufa, mama yao alikataa kwenda msibani. Miaka ishirini na miwili yeye alikuwa anakata figo za ulimwengu mzima, na siku alipoulizwa habari za kwao, akasema andika hakuna.

"Yupo," alijibu. "Alikuwepo."

Mdogo wake akaitwa, akaelezwa. Kwamba ugonjwa ulipita kwa mama, wanawake huubeba kimyakimya, wavulana ndio unaowavunja. Kwamba haponi, ila kuna dawa nyingine ya kuchelewesha, na mapema ni bora kuliko baadaye. Kwamba masikio yapimwe, apate kifaa, maana mtoto si mkaidi. Na vile vidonge vyeupe?

"Vitapunguzwa taratibu mpaka viishe," daktari wa wodini alisema. "Havikuwa vyake."

"Tangu lini havikuwa vyake?"

Daktari alitazama karatasi zake. "Tangu siku ya kwanza."

Kwenye ngazi za hospitali mdogo mtu alisimama. Hakulia. "Wiki sita," alisema. "Tangu ulipomwaga mpaka leo, wiki sita. Kidonge kwa kidonge nimezihesabu, kumi kumi. Nimemfungua mwanangu mdomo kwa nguvu." Akashuka ngazi moja. "Na hili la kaka, dada, nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Akaondoka peke yake.

Jumapili Fundi Vioo alikwenda. Babu alikuwa amekaa kizingitini, mashavu bado yamejaa, macho madogo kati yake, kope ndefu zilezile. Mama yake alikuwa uani, anakamua nguo na kuzianika, na alipomwona dada yake aliitikia salamu kwa mgongo.

"Ukope wangu umefanya nini leo?" mtoto akauliza.

Aliketi kando yake. Njia nzima alikuwa amepanga maneno mengi, ya rangi na ya maji, yote yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, kama inavyosemwa.

"Eeh?"

Akasogea. "Nasema, nisamehe."

"Eeh?"

Akapaza sauti, ikatoka ngeni, kali. "Nisamehe!"

Dirisha la jirani likafunguliwa. Uani maji yakaacha kudondoka kwenye karai.

Babu alimtazama, akatazama dirisha, akamwekea mkono mdomoni. "Usipige kelele, mama mkubwa. Watu wanatusikia."

Kule uani mdogo wake alichukua shati lingine, akalikung'uta, akalitundika, na hakugeuka.